Mlio Mdogo Chini ya Boneti

Kaskazi ikishika, mwenye gari Mombasa huijua thamani ya kiyoyozi akiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, watoto nyuma wamelowa jasho. Kinapokoma kutoa baridi, kauli ya fundi mara nyingi huwa moja: kompresa imekufa, inunuliwe nyingine. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia kilichoharibika ni klachi yake tu, na tofauti ya gharama baina ya viwili hivyo si ndogo.

Kompresa ndiyo pampu inayoshindilia gesi ya kiyoyozi. Mkanda wa injini huzungusha puli yake, na puli haipumziki maadamu injini inanguruma. Kompresa yenyewe, hata hivyo, haitakiwi kufanya kazi wakati wote, na hapo ndipo penye hekima ya klachi. Mbele ya puli pana kisahani cha chuma kilichofungwa kwenye mhimili wa kompresa. Nyuma yake pana koili ya waya. Ukibonyeza kitufe, umeme wa volti 12 huingia kwenye koili, ikawa sumaku, ikakivuta kisahani kikagandamana na puli. Ule mlio wa "tik" ndio huo. Umeme ukikatwa, springi hukirudisha kisahani mahali pake.

Nafasi baina ya kisahani na puli kwa kawaida haifiki milimita moja. Nyuso zikilika kwa miaka, nafasi hupanuka. Na koili ikipata moto, sumaku hudhoofika. Ndipo gari likatoa baridi asubuhi, likasusa adhuhuri. Katika kompresa nyingi fundi hodari huweza kuipunguza nafasi hiyo kwa kutoa washa moja nyembamba.

Basi mama mwenye gari na asikilize mwenyewe, akisimama mbali na mkanda, buibui na mtandio amevikusanya. Mtu awashe kiyoyozi na kukizima. Kelele isiyokoma hata kikizimwa, ishukiwe beringi ya puli, au mkanda. Ikija na "tik" na kuondoka nacho kiyoyozi, itazamwe kompresa. Pasipo mlio wowote, kwanza ziulizwe fyuzi, rilei na gesi. Maana gesi ikipungua sana, swichi ya shinikizo huzuia umeme, kompresa isije ikakwama kwa kukosa mafuta yanayosafiri na gesi hiyo. (Baadhi ya magari mapya hayana klachi hii, na jaribio haliyafai.)

Fundi mwaminifu hataona tabu kuipima koili kwa mita mbele ya mwenyewe, wala kumkabidhi kifaa kikuukuu alichokitoa.