Skrini ya projekta nyumbani: Mambo ya kupima kabla ya kutoboa ukuta Buyenzi

Jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, barabara za Buyenzi hujaa watu wanaorejea kutoka kazini, misikitini na katika soko la Ruvumera. Siku ya mechi kubwa, si wote wanaokwenda moja kwa moja nyumbani. Wengi hutafuta mahali penye televisheni, wakabanana bega kwa bega mbele ya kioo kimoja.

Kitongoji hiki cha Bujumbura, kilichojengwa enzi za utawala wa Wabelgiji na ambacho hadi leo huzungumza Kiswahili katika shughuli zake za kila siku, kimezoea kutazama kwa pamoja. Mwaka 2019, timu ya taifa ya Burundi, Intamba mu Rugamba, iliposhiriki kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, kilichotafutwa kila mahali kilikuwa ni picha kubwa itakayowatosha wengi.

Kuenea kwa projekta ndogo kumezifanya baadhi ya familia zijiulize kama picha hiyo haiwezi kuletwa sebuleni, kwa skrini inayovutwa chini wakati wa kutazama na kurudishwa juu baada ya hapo. Jambo lenyewe linawezekana. Hata hivyo, anayenunua kwa pupa huweza kupoteza akiba ya miezi kadhaa, akaharibu ukuta wa nyumba ya kupanga, au akatundika kitu kizito kisicho imara juu ya vichwa vya watoto.

Skrini hii ni kitu gani?

Skrini ya kuvuta ni kitambaa cheupe kilichozungushwa kwenye mhimili ndani ya mfuko mrefu wa bati au aluminiamu. Ndani ya mhimili huo mna springi. Kitambaa kinapovutwa chini springi hujikaza, na kinapoachiliwa kidogo, meno madogo hushika na kukizuia kisirudi. Kikivutwa tena kidogo, meno huachia na kitambaa hupanda.

Ufundi huu si mpya. Mwaka 1864, Mmarekani Stewart Hartshorn alipata hataza ya mhimili wa springi kwa ajili ya mapazia ya madirisha, na skrini za leo bado zinafuata wazo lilelile.

Zipo pia skrini zinazoshushwa kwa mota ya umeme. Lakini katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa, mota ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kukwama. Skrini ya kuvuta kwa mkono haihitaji umeme, hugharimu fedha kidogo zaidi, na fundi wa kawaida huweza kuielewa.

Kwa nini ukuta mweupe usitoshe?

Mara nyingi hutosha. Ukuta uliopigwa lipu laini na kupakwa rangi nyeupe isiyong'aa hutoa picha inayokaribia ile ya skrini ya bei nafuu. Tofauti huonekana pale ukuta unapokuwa na mawimbi, nyufa au madoa, kwa sababu kila kasoro huonekana usoni mwa mchezaji.

Shuka jeupe ni msaada wa muda tu. Nuru nyingi hupenya na kupotea upande wa pili, na upepo wa dirishani huitikisa picha. Skrini iliyotengenezwa vyema huwa na mgongo mweusi unaozuia nuru isipenye, pamoja na ukingo mweusi pande zote unaomeza nuru inayovuka mpaka wa picha.

Kwa sababu hiyo, familia isiyo na hakika inaweza kuanza na ukuta au shuka kwa wiki moja au mbili. Majaribio hayo hayagharimu kitu, na huonyesha mapema kama chumba kinafaa, picha ikae wapi, na kama kweli watu wa nyumba hiyo watakuwa na hamu ya kutazama baada ya siku za mwanzo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Ukubwa: chumba ndicho kinachoamua

Skrini hupimwa kwa inchi kutoka pembe hadi pembe, kama televisheni. Kwa umbo la picha za siku hizi, lenye upana wa 16 kwa kimo cha 9, skrini ya inchi 80 ina upana wa sentimita 177 na kimo cha sentimita 100. Ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Ya inchi 120 hufikia upana wa sentimita 266, ambao kwa vyumba vingi ni karibu ukuta mzima.

Mnunuzi anapaswa kuuliza umbo kabla ya kuuliza bei. Skrini zilizotumika maofisini aghalabu huwa za umbo la zamani la 4 kwa 3. Skrini ya aina hiyo yenye inchi 100 ina upana wa sentimita 203 tu, hivyo mechi inayoonyeshwa juu yake hupata picha ya takriban inchi 92, huku sehemu za juu na chini zikibaki tupu.

Kipimo cha pili ni umbali wa mtazamaji. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kukaa umbali wa kati ya mara 1.2 na mara 1.6 ya urefu wa pembe hadi pembe. Kwa inchi 80 ni kati ya mita 2.4 na 3.2. Kwa inchi 100 ni kati ya mita 3 na 4. Sebule yenye urefu wa mita tatu na nusu haina nafasi ya skrini kubwa kuliko inchi 80 au 90, kwani watoto wanaokaa mkekani mbele wataumia shingo.

Kipimo cha tatu ni umbali wa projekta yenyewe. Kila projekta ina uwiano wake wa umbali na upana wa picha. Ikiwa uwiano ni 1.5, picha yenye upana wa sentimita 177 huhitaji projekta ikae mita 2.65 kutoka kwenye skrini, na ile ya sentimita 221 huhitaji mita 3.3. Uwiano huo huandikwa kwenye kijitabu cha maelezo, na ni busara kuusoma dukani kabla ya kulipa.

Nuru: kosa linalowagharimu wengi

Projekta hutoa kiasi kimoja cha nuru, iwe picha ni ndogo au kubwa. Picha ya inchi 100 ina eneo kubwa kuliko ya inchi 80 kwa asilimia 56. Nuru ileile ikitandazwa juu yake, mng'ao hushuka hadi chini ya theluthi mbili ya ule wa awali. Kwa inchi 120, eneo huwa zaidi ya mara mbili na picha hufifia kwa kiwango hichohicho.

Nguvu ya nuru hupimwa kwa lumeni. Namba kubwa zinazoandikwa kwenye maboksi ya projekta za bei rahisi mara nyingi si kipimo cha nuru inayofika kwenye skrini. Kinachofaa kuangaliwa ni lumeni zilizopimwa kwa kiwango cha ANSI au ISO. Palipo na maelfu ya lumeni bila kutajwa kiwango chochote, njia salama ni kuiwasha projekta dukani na kuitazama kwa macho.

Saa ya mechi nayo ina hesabu yake. Mechi za Uingereza zinazoanza saa tisa alasiri kwa saa za huko huanza Bujumbura saa kumi na moja jioni katika majira ya baridi ya Ulaya, na saa kumi katika majira yao ya joto. Wakati huo jua la Bujumbura halijazama. Chumba chenye mlango wazi na madirisha yasiyo na mapazia mazito kitaifuta picha ya projekta ndogo. Kwa mechi za usiku, tatizo hilo halipo.

Kwa hiyo fedha zinapokuwa chache, mapazia mazito ya madirishani huboresha picha kuliko kuongeza inchi 20 za skrini.

Kukagua kabla ya kulipa

Skrini mpya ifunguliwe yote, ipimwe, kisha itazamwe kutoka ubavuni. Mawimbi yenye umbo la herufi V huonyesha kwamba mhimili umepinda au kitambaa hakikuvingirishwa sawasawa, na kasoro hiyo haiishi kwa kunyooshwa. Kitambaa chenye nyuzi za kioo ndani hukaa bapa zaidi kuliko plastiki tupu, ambayo hujikunja kingo kadiri miezi inavyopita.

Springi ijaribiwe mara kadhaa: ishike kwa kimo tofauti na kupanda polepole. Aidha, mnunuzi akumbuke kwamba mfuko wa skrini ya inchi 100 una urefu unaokaribia mita mbili na nusu. Hauingii kwa urahisi ndani ya teksi, na unaweza kukwama kwenye kona ya ujia wa nyumba. Mfuko uliopinda njiani huleta mawimbi yaleyale yaliyoepukwa dukani.

Kuitundika: ukuta hujulikana kwa kutobolewa

Skrini ya inchi 100 huweza kuwa na uzito wa kilo saba hadi kumi. Uzito huo si mkubwa, lakini kila inapovutwa, mkono huongeza nguvu juu ya ndoano. Ni mvuto huo wa kila siku unaolegeza skrini, si uzito peke yake.

Katika ukuta wa saruji au wa matofali ya kuchoma, fundi hutoboa tundu kwa drili, akaingiza kishikizo cha plastiki kinacholingana na tundu, kisha akakaza skrubu. Tundu liwe ndani ya tofali lenyewe, si kwenye kiungo cha saruji kati ya tofali mbili, wala ndani ya lipu tupu. Lisiwe wima juu ya swichi au soketi, kwa kuwa hapo ndipo nyaya za umeme hupita mara nyingi.

Ukuta wa matofali mabichi ya udongo ni jambo jingine. Tundu hupanuka, udongo humomonyoka, na skrubu hutoka pamoja na kishikizo chake. Katika nyumba ya namna hiyo, skrini itundikwe kwenye boriti ya paa kwa minyororo mifupi miwili, au kwenye ubao mrefu uliofungwa kwenye mbao za paa. Dari nyembamba ya mbao za tabaka haifai kubeba mzigo huo bila kufikia boriti iliyo juu yake. Buyenzi ina mafundi wa chuma na seremala wanaoweza kutengeneza vishikizo hivyo kwa vipimo vya nyumba husika.

Ndoano zote mbili zipimwe kwa pimamaji, kwa kuwa skrini iliyoinama hata kidogo hujivingirisha upande na kuharibika. Ukingo wa chini wa picha ukae takriban sentimita 80 kutoka sakafuni kwa wanaokaa vitini, na chini kidogo kwa wanaokaa mkekani. Baada ya kufunga, fundi aivute skrini mara kumi au zaidi huku akikagua ndoano, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kukaa chini yake.

Mpangaji, kwa upande wake, amuombe mwenye nyumba ruhusa kwanza. Matundu manne yasiyoombwa yanaweza kuzua ugomvi unaozidi thamani ya skrini.

Umeme ukikatika

Projekta ndogo ya taa za LED hutumia takriban wati 60 hadi 100, ilhali ile ya taa kubwa huweza kupita wati 250. Betri ya volti 12 yenye ampea 100 kwa saa hubeba wati 1,200 kwa saa, lakini betri ya asidi isiyotakiwa kuchakaa upesi hutumiwa nusu tu. Projekta ndogo, dikoda na spika zinazotumia jumla ya wati 120 zitadumu saa nne hivi, muda unaotosha mechi na dakika za nyongeza. Projekta kubwa haitafika mbali zaidi ya saa mbili.

Anayetumia jenereta aiweke nje, mbali na milango na madirisha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Matunzo na majirani

Skrini hairudishwi juu ikiwa na unyevu, kwa sababu hewa ya ziwani huleta ukungu. Wakati wa kiangazi vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo. Watoto wakatazwe kuiachia irudi yenyewe kwa kasi, kwani hivyo ndivyo springi nyingi hukatika.

Kuna pia suala la wageni. Picha kubwa haifichiki, na sauti ya goli husikika hadi nyumba ya tatu. Kuwakaribisha majirani ni desturi ya mtaa. Kuwatoza kiingilio ni biashara, na kwa kawaida malipo ya dikoda ya nyumbani hayampi mteja haki hiyo.

Mwishowe, familia yenye televisheni inayofanya kazi haina sababu ya kuiuza ili kununua projekta. Mchana itaihitaji, na siku projekta itakapoharibika itaihitaji zaidi. Wahenga walishaonya: usiache mbachao kwa msala upitao.