Padre wa Serikali na Malipo ya Uzeeni

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akiitumikia Serikali miaka mingi, fedha za uzeeni humngoja kama mavuno yamngojavyo mkulima. Zamani sivyo ilivyokuwa, na habari za padre mmoja Mwingereza zaonyesha jambo hilo wazi.

Kwanza yafaa kupambanua. Padre aliyetumwa na misheni alilipwa na misheni, na Hazina ya Serikali haikuwa na deni kwake. Lakini katika makoloni ya Uingereza walikuwako makasisi walioandikwa na Serikali yenyewe ili wawahudumie askari, maofisa na wafungwa. Hao walipokea mshahara wa Serikali na kutii amri za Gavana, kama karani au daktari. Kwa hiyo walipozeeka waliweza kuomba malipo. Kupewa kulikuwa jambo jingine.

Padre Robert Knopwood alizaliwa Norfolk, Uingereza, mwaka 1763. Mwaka 1803 alisafiri katika manowari Calcutta pamoja na Luteni-Gavana David Collins na kundi la wafungwa, na mwezi wa Februari 1804 wakafika mahali panapoitwa leo Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyebatiza, aliyeoza na aliyezika, na juu ya hayo alikuwa hakimu. Msingi wa kanisa la Mtakatifu Daudi haukuwekwa mpaka mwaka 1817.

Afya yake ilipodhoofika, hapakuwa na kipimo cha kumwambia ni kiasi gani alichostahili. Ombi la mtumishi wa kisiwa hicho lilipita kwa Luteni-Gavana, kisha kwa Gavana huko Sydney, kisha likavuka bahari kwa merikebu ya matanga mpaka London, safari ya miezi mingi. Kila mkubwa aliweza kuongeza neno lake, jema au baya. Naye Gavana Macquarie, aliyetawala Sydney hadi mwaka 1821, hakuridhika na mwenendo wa padre huyu, ambaye alipenda karamu na divai. Maneno ya mkubwa yakiisha andikwa hayafutiki upesi.

Hata hivyo Knopwood alistaafu mwaka 1823 akapewa malipo. Lakini madeni yake yalikuwa makubwa, akalazimika kuliacha shamba lake la Cottage Green.

Mwaka 1859 Bunge la Uingereza liliweka kipimo kwa watumishi wa Serikali wa huko: kwa kila mwaka wa kazi, sehemu moja ya sitini ya mshahara, isipite sehemu arobaini. Aliyepata shilingi 600 kwa mwaka, akatumikia miaka 20, alihesabiwa shilingi 200. Knopwood hakuiona sheria hiyo. Alivuka mto Derwent akakaa Clarence Plains, akaendelea kuwahudumia watu wa huko, akafa mwezi wa Septemba 1838, mwenye umri wa miaka 75.