Baba Mkwe Amepooza: Nani Atamwogesha?

Simu inaita saa kumi na mbili asubuhi. Mko kitandani Dar, foleni ya Mwenge inawasubiri. Ni wifi yako, anapiga kutoka Ihanda, Karagwe. "Mzee kaanguka kwenye kahawa. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki." Kufumba na kufumbua, ndoa yenu changa ina mgonjwa.

Mpenzi msomaji, usidhani ni jambo la nadra. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai. Dar es Salaam walikuwa kama 316. Presha isiyotibiwa ndiyo mchawi mkubwa.

Kabla ya yote
Mwambieni wifi asimpe mzee chai, uji wala aspirini. Anaweza kupaliwa. Halafu kiharusi huweza kuletwa na damu iliyoganda au na mshipa uliopasuka, na bila picha ya ubongo huwezi kujua ni kipi. Akumbuke saa tatizo lilipoanza, atafute gari, wawahi hospitali, kwa mfano Nyakahanga. Habari za kurogwa zisubiri.

Akisharudi nyumbani
Hapa ndipo shughuli yenyewe inapoanza, maana sasa wauguzi ni ninyi. Kabla hajaruhusiwa, mwombeni nesi awaonyeshe, nanyi mfanye kwa mikono yenu mbele yake.

• Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kalio na visigino vikiwa vyekundu, vidonda vya kulalia viko njiani.
• Ale akiwa ameketi wima, matoke yapondwe vizuri, kijiko kimoja kimoja. Abaki amekaa kama nusu saa. Akikohoa kila anapomeza, mrudisheni hospitali.
• Msimvute kwa mkono uliopooza, bega huteguka. Mnyoosheni viungo taratibu kila siku.
• Ongeeni naye. Kushindwa kusema si kushindwa kuelewa, kwa hiyo msimjadili mbele yake kama gunia la maharage.
• Dawa za presha hazikatizwi kwa sababu "siku hizi yuko safi".

Lile mnalolikwepa
Sasa tuambiane ukweli. Katika nyumba nyingi mume husema, "Mama watoto, wewe nenda kijijini, mimi nitatuma hela." Hela inafika kwa simu, na mke anafika kwa basi, likizo yake yote imekwisha. Jioni ya kwanza anasimama mlangoni na beseni la maji ya moto, na mzee anageuzia uso ukutani. Machozi yanamtoka. Mkwe kumwona baba mkwe uchi? Hata kama mdomo umepooza, heshima yake haijapooza.

Kaka, hapo ni zamu yako. Mwogeshe baba yako. Najua hukufundishwa, na kwamba vijana wa kijiweni watasema umekaliwa na mke. Waache waseme. Mtoto wa kiume anayeweza kufunga tai anaweza pia kubadilisha shuka lililolowa. Unaanza na uso, unafunika sehemu usiyoiosha, unamweleza kila hatua, unakausha vizuri katikati ya mikunjo. Nusu saa, basi.

Dada, nawe usijifanye chuma. Anayeuguza peke yake huanza kukosa usingizi, kisha hasira, kisha anaugua yeye. Sheria ya kazi ya 2004 iliweka likizo ya mwaka ya siku 28 kwa mfanyakazi. Basi mpeane zamu, wewe wiki mbili na yeye wiki mbili, ndugu wengine wapangiwe zao, na mtafute kijana wa kiume hapo kijijini mumlipe mshahara wa kueleweka. Kumwita "ndugu" si kumlipa.

Leo jioni, kabla hiyo simu haijaita, zimeni televisheni muulizane: akianguka baba yako nani anakwenda? Akianguka mama yangu je? Majibu yasipofanana, zungumzeni mpaka yafanane. Halafu kesho, kabla ya ofisi, mkapime presha. Wote wawili.