Mgeni mdogo wa msitu wa miombo

[Mlio wa ndege, kisha unafifia]

MTANGAZAJI: Leo tunamzungumzia ndege ambaye huenda umempita mara nyingi bila kumwona. Mwalimu, tumtambueje?

MWALIMU: Asante, dada. Vitabu vya Kiingereza humwita Willow Warbler. Ana urefu wa sentimita 11 hivi na uzito wa takriban gramu 10, sawa na vijiko viwili vya chai vya maji. Mgongo ni wa kijani kilichochanganyika na kahawia, na kifua ni cheupe chenye umanjano. Juu ya jicho ana mstari wa njano iliyofifia. Mdomo wake ni mwembamba na umenyooka. Wa chozi umepinda, kwa hiyo hutawachanganya.

MTANGAZAJI: Na akijificha ndani ya majani?

MWALIMU: Tumia masikio. Huita kwa upole, “huu-iit”, sauti ikipanda mwishoni. Wala hatulii. Huruka tawi hadi tawi akidonoa viwavi, buibui na wadudu wengine.

MTANGAZAJI: Mbona mwezi wa sita hatumwoni?

MWALIMU: Wakati huo yuko Ulaya au Urusi, analea makinda katika kiota alichojenga chini, kwenye nyasi. Baridi ikikaribia, wadudu hupungua kule, naye huja kwetu kuanzia Septemba na Oktoba. Wengine hutoka mashariki ya Siberia, zaidi ya kilomita 10,000, wakisafiri usiku. Akiwa huku hubadilisha manyoya yake yote, kisha hula sana ili apate mafuta ya safari. Machi na Aprili huondoka.

MTANGAZAJI: Lakini Mwalimu, watoto wetu wana manati, na nyumbani mboga ni shida.

MWALIMU: Naelewa, dada. Ila gramu 10, ukitoa manyoya na mifupa, hazitoshi hata tonge moja. Akiwa hai, hula wadudu kutwa nzima kwenye miti yetu. Watoto waambiwe hivyo. Nasi wakubwa tunaokata kuni tusing’oe visiki wala kuvichoma. Miti mingi ya miombo huchipua tena kwenye kisiki. Tutapata kuni kesho, naye atapata majani ya kutafutia chakula.

MTANGAZAJI: Nawe msikilizaji, mvua zikianza, ukisikia “huu-iit” juu ya mti, simama kidogo umwoneshe mwanao. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.

[Muziki]