Kuwapiga Picha Ndege Waimbao

Mwenye kuanza kujifunza kuwapiga picha ndege waimbao, akiwa Zombo, baina ya Kilosa na Mikumi, hana haja ya kuanzia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwani humo hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali maalumu, na ndege mwenye uzito wa gramu kumi ni taabu kumpata vema kutoka dirishani. Na aanzie ukingoni mwa shamba, penye matete, baada ya kumpigia hodi mwenyewe.

Wengi hudhani mushkili ni lenzi. Lenzi ya milimita 400 ina manufaa, sikatai, ila ni ghali. Na aijuaye tabia ya ndege, hata kwa lenzi fupi, aghalabu humshinda asiyeijua. Mtazame mnana dume wakati wa mvua: huja na ukanda mrefu wa jani bichi mdomoni, hutua pale pale alipotua awali, huubana kwa mguu, akaupenyeza na kuukaza, kisha hujining'iniza chini ya kiota chake akipigapiga mabawa ili jike aione kazi yake. Aliyekwisha kuyatambua hayo huielekeza kamera pale kabla ndege hajafika, akangoja.

Ama nuru, sharti iwahiwe. Baada ya saa tatu asubuhi jua hupanda, na kivuli cha utosi humfunika ndege jicho. Na picha ya ndege asiye na jicho dhahiri, ijapokuwa manyoya yake yanahesabika, kwangu mimi si picha. Ama kasi ya shata, ndege aliyetua hutoshewa na 1/500 ya sekunde. Arukaye huhitaji 1/2000.

Waimbaji wa msituni ni bahari nyingine. Katika milima ya Rubeho na Ukaguru yuko ndege mdogo wa kifua cha rangi ya chungwa, Sheppardia aurantiithorax, ambaye wataalamu hawakumtangaza kuwa ni spishi mpya mpaka mwaka 2004. Hukaa chini penye kiza, na mwanafunzi asimkimbilie.

Wala usimwite ndege kwa sauti iliyorekodiwa simuni, kwani hudhani amevamiwa, akaacha kazi zake. Wala usiyakate majani yafichayo kiota. Nawe ukimwona mzazi ana mdudu mdomoni na anasita kuingia kiotani, jua kuwa wewe ndiwe uliyemzuia: rudi nyuma, au uondoke kabisa.