Pikipiki Kuukuu na Nyundo ya Mhunzi

Kampuni ya BSA ya Uingereza, iliyotengeneza pikipiki za Bantam tangu mwaka 1948, ilianguka mwaka 1973. Aliye na Bantam kuukuu huku Subukia afanyeje chombo kikiharibika?

Asikitupe. Kishikio cha madigadi kilichopinda akipeleke kwa mhunzi. Huyo hukitia katika moto wa makaa, akavukuta mpaka kiwe chekundu, ndipo akakinyoosha kwa nyundo. Kiti kilichoraruka hushonwa na fundi wa ngozi.

Lakini tahadhari, ndugu msomaji! Vyuma vya breki na usukani visitiwe motoni, kwani moto waweza kuvipunguzia nguvu. Kikikatika kimoja katika mteremko wa Subukia, roho i hatarini. Pistoni nayo ni kazi ya mashine, si ya nyundo.