Je, Wajua? Lushoto, Mji wa Kupanda na Kushuka

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na kitu za lami, lakini katika safari hiyo fupi abiria hupanda karibu mita 1,000. Mombo iko chini kwenye joto la nyika na mkonge, takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, na mwezi wa Julai wenyeji wake huvaa majaketi mchana kweupe. Barabara ilichongwa ubavuni mwa korongo enzi za Wajerumani, nayo hupitia Soni, penye maporomoko ya maji. Masika yakikolea, udongo hukatika na kuiziba, na hapo ndipo mgeni anapojua jinsi mji unavyoitegemea njia hiyo. Ukiichunguza historia ya hapa utaona ni habari ya watu wanaopanda na wanaoshuka, kila mmoja na lake.

Je, wajua kwamba milima ya Usambara, ulipo mji huu, haina undugu wowote na Kilimanjaro? Siku isiyo na mawingu, mtu aliyesimama Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa genge, kaskazini mwa wilaya, anaweza kuuona mlima huo ng'ambo ya nyika ya Mkomazi. Kilimanjaro ni volkano, tena changa. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki: miamba yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, iliyoinuliwa juu pale ardhi ilipopasuka na upande mmoja kudidimia. Ndiyo maana kingo zake zimesimama wima namna ile. Ukifika Irente, mwendo wa kutembea tu kutoka mjini, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako na unaona mabati ya nyumba za Mazinde huko chini.

Umri huo mkubwa, pamoja na unyevu unaoletwa na pepo za Bahari ya Hindi, umeuwezesha msitu kudumu kwa mamilioni ya miaka. Viumbe vilivyojitenga humo vikageuka kuwa vya hapo hapo tu. Kuna kinyonga dume mwenye pembe mbili puani, na kuna ndege mdogo wa kichakani, Sheppardia montana, asiyepatikana popote duniani ila Usambara Magharibi. Lakini msitu mnene si lazima uwe na udongo mnono. Wajerumani waliokwenda Derema, Usambara Mashariki, mwaka 1891 kupanda kahawa waliuona ukijani wakadhani wamepata hazina. Rutuba ilikuwa kwenye majani yanayooza juu juu. Walipofyeka miti, mvua ikaisomba, na kahawa haikuwalipa.

Huenda wengi hawajui kwamba Lushoto, pamoja na ukongwe wa majengo yake, ni mji mchanga. Mji mkuu wa Wasambaa ulikuwa Vuga, upande wa kusini, na habari zake zinaanza na mwindaji. Masimulizi yanasema Mbegha alitoka Ungulu akiwa amefukuzwa na jamaa zake kwa sababu alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kigego alihesabiwa kuwa nuksi. Akaja Usambara na mbwa wake na mikuki yake. Nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mazao ya watu. Yeye akawaua, akagawa nyama, naye akapewa chakula cha shambani. Usiku mmoja akaua simba, na wazee wakaamua kwamba mtu wa namna hii hafai kuachwa aende zake. Tangu hapo mfalme wa Wakilindi, yaani ukoo wa Mbegha, akaitwa Simba Mwene. Wanahistoria hubishana ni kiasi gani cha hadithi hiyo kichukuliwe neno kwa neno. Mimi naona hekima yake iko kwenye biashara ile ya nyama kwa mazao: mgeni anapata ufalme kwa kutatua tatizo la mkulima.

Masimulizi hayo tunayo kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kujivunia. Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, aliyewahi kufanya kazi kwa watawala wa Kikilindi, aliyaandika katika Habari za Wakilindi, nayo yakachapwa na wamisionari wa Magila kuanzia miaka ya 1890. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya historia ya Kiafrika kuandikwa na mwandishi wa hapa hapa, kwa lugha ya hapa hapa.

Kilele cha Vuga kilikuwa wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862 akiwa mzee sana. Nguvu zake zilishuka hadi mwambao, mpaka baadhi ya wakuu wa miji karibu na Tanga na Pangani walihitaji kukubaliwa naye na Sultani wa Zanzibar pia. Mmisionari Ludwig Krapf alipanda kumwona mwaka 1848 na tena 1852. Mwaka 1857 wakafika Richard Burton na John Speke, kabla ya safari yao ya kwenda maziwa makuu. Kwa watu wa Kimweri ukubwa wa mfalme ulipimwa kwa mvua: nchi ikinyeshewa, mfalme ana nguvu na anaiponya nchi, njaa ikiingia, kuna wakubwa wanaogombana.

Na waligombana kweli. Mwana wa Kimweri, Semboja, alikuwa ameona kitu ambacho ndugu zake wa Vuga hawakukiona: utajiri ulikuwa umehamia bondeni. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita nyikani, chini ya mlima. Basi Semboja akashuka, akaweka makao Mazinde, akanunua bunduki. Vuga iliyokuwa ikiogopwa ikabaki juu na heshima yake, huku nguvu zikiwa chini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata viliendelea hadi Wajerumani walipoingia. Semboja alifariki mwaka 1895. Mwaka huo huo Wajerumani wakamnyonga mwanawe, Mputa, aliyekuwa akitawala Vuga.

Je, wajua kwamba Lushoto iliwahi kubeba jina la mfalme ambaye hakuwahi kuiona? Wajerumani waliujenga mji wao wa wilaya mwishoni mwa karne ya 19 wakauita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaiser Wilhelm II. Kaiser mwenyewe hakukanyaga Afrika Mashariki. Waliopanda ni maofisa na walowezi wake, na kilichowapandisha hasa ni homa ya malaria. Daktari maarufu Robert Koch alizuru Usambara mwaka 1897 na 1898, akaandika kwamba Wasambaa waliiita homa hiyo mbu, kwa maelezo kwamba wakishuka nyikani huumwa na wadudu hao kisha wakaugua. Ni wakati huo huo Ronald Ross alikuwa India akithibitisha jambo lile lile kwa hadubini, na baadaye akapewa Tuzo ya Nobel. Wasambaa hawakupewa kitu.

Baridi iliwafanya Wajerumani waote makubwa. Huko Kwai walianzisha shamba la majaribio wakafuga ng'ombe na kupanda nafaka na mboga za Ulaya. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilijikokota polepole, ikafika Mombo mwaka 1905. Ndoto ya Ulaya ndogo haikutimia, lakini mboga na matunda vilibaki. Leo mafuso hushuka na kabichi, karoti, hoho na matenga ya nyanya kwenda Dar es Salaam, na msimu wa maplamu na mapeasi ukifika, watoto wa Soni huyakimbiza madirishani mwa mabasi.

Mkasa unaonishangaza kuliko yote ni wa magogo yaliyoruka. Juu ya Shume kulikuwa na msitu wa miangati, mti wenye mbao laini na harufu nzuri, unaofaa kwa penseli na kwa ujenzi. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilipata kibali cha kuuvuna. Lakini utashushaje magogo kwenye genge la namna ile? Wakawaita mafundi wa Adolf Bleichert wa Leipzig, mabingwa wa njia za waya. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ikakamilika njia ya kilomita 9 hivi, kutoka kituo walichokiita Neu-Hornow hadi Mkumbara kwenye reli. Magogo yalining'inizwa kwenye nyaya za chuma, yakavuka makorongo hewani hadi kwenye mabehewa. Hebu fikiri mchungaji wa Mkumbara aliyeinua macho siku ya kwanza akaona mti unamjia kutoka mawinguni.

Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, jina la Kaiser likafutwa na Lushoto likarudi. Desturi ya kukimbilia baridi hawakuifuta. Nao walimjengea gavana wao nyumba ya kupumzikia, na serikali ya Tanzania ikairithi kama ikulu ndogo. Mahakimu nao hupanda: Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapa, kwa sheria ya mwaka 1998.

Je, wajua kwamba wataalamu wa lugha duniani wanaijua Lushoto kwa sababu ya Wambugu? Hawa ni wafugaji wa asili wanaoishi kwenye nyanda za juu za Magamba na kandokando ya misitu, wakizungukwa na Wasambaa. Wana namna mbili za kusema. Moja ni lugha ya Kibantu inayofanana sana na Kipare. Ya pili, inayoitwa Kima'a, ina sarufi ile ile ya Kibantu, ngeli zikiwa mahali pake, lakini maneno mengi ya msingi ni ya Kikushi na asili nyingine za mbali. Mtu yule yule huzitumia zote mbili kadiri anavyotaka. Maarten Mous, mwanaisimu wa Uholanzi, aliiandikia kitabu kizima mwaka 2003. Maelezo yenye nguvu ni kwamba Wambugu waliihifadhi, au tuseme waliijenga upya, ili wasimezwe na majirani zao.

Kuna jingine ambalo matangazo ya watalii hayaligusi. Mwaka 1980 tauni iliingia wilayani, ikawa inarudi karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20, hasa kwenye vijiji vya juu. Maelfu waliugua na mamia wakafa. Panya na viroboto wao walifanyiwa utafiti nyumba kwa nyumba, hadi namna watu wanavyolala na mahali wanapohifadhi mahindi. Mlima uliosifiwa kwa kuwakinga watu na homa ya nyikani ulikuwa na ugonjwa wake, unaopenda ubaridi.

Na mwisho, matuta. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango Mlalo wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na miaka michache baadaye ukatandazwa Usambara nzima. Kila mkulima alilazimishwa kuchimba matuta kwenye mteremko, la sivyo faini. Kazi iliwaangukia zaidi wanawake. Kwenye miteremko mikali mvua kubwa iliyapasua matuta na kuporomosha udongo ambao yalikusudiwa kuulinda. Watu wakaandamana hadi Vuga, wakagoma, na chama cha TANU kilipofika kilikuta hasira iliyokwisha kupikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukafa.

Mwaka 1981 ukaja mradi mwingine, SECAP, kwa msaada wa Wajerumani, wenye lengo lile lile. Safari hii mkulima aliambiwa apande mistari ya majani ya Guatemala kukata mteremko. Majani yanashika udongo, na yakikatwa analishwa ng'ombe wa zizini. Wengi walikubali kwa ajili ya ng'ombe.